Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Kathini aliyajua maziwa yake hata yakiwa kwenye masharubu ya mtu. Yalikuwa na rangi ya majivu kwa mbali, kwa sababu ya kijinga cha moto alichokuwa akisugulia kibuyu chake kwa ndani, na yakikauka mdomoni yaliacha vidoadoa vyeusi. Jioni hiyo Muthama, mumewe, alipoingia kutoka soko la Gikomba akaketi kuvua viatu, masharubu yake yalikuwa na mstari mweupe pepepe, safi kama chokaa ya ukutani.

"Umekula wapi, Baba Wayua?"

"Nile wapi? Sijala."

"Basi umekunywa."

Muthama alijipangusa kwa kiganja, kisha akakitazama kile kiganja kama aliyekamatwa na ushahidi. Alikuwa mchongaji, mtu wa maneno machache, na uongo haikuwa kazi aliyojifunza. "Nilipita kwa Mama Owino. Akanikaribisha kikombe. Ningekataaje?"

"Na yalikuwa matamu?"

Hapo ndipo Muthama alipokosea. Angeweza kusema ya kawaida tu, mambo yakaishia hapo. Badala yake alifikiri kidogo, kama mtu anayepima ubao, akasema, "Yameganda vizuri. Unaweza kuyakata kwa kisu."

Kathini aligeukia sufuria. Alipakua ugali, na kipande cha mumewe akakimega kidogo kuliko siku zote.

Huo ulikuwa mwezi wa Aprili, mwaka wa tisini na nne, katika nyumba za kanjo, yaani baraza la jiji, mtaa wa Shauri Moyo. Kwa miaka kumi na tisa Kathini alikuwa akiuza mala, maziwa ya kuganda, pale pale mlangoni pake. Mama yake alimkabidhi kibuyu siku alipoolewa, na ndani ya kibuyu mlikuwa na mbegu, yaani mabaki ya maziwa ya jana ya kuchachishia ya leo, ambayo mama naye aliyapokea kwa mama yake. Kila siku Kathini alibakiza kidogo chini, akamimina mapya juu yake, akafunika. Adhuhuri walikuja mafundi wa Gikomba, wachomeaji vyuma na maseremala na wauza mitumba, kila mmoja na chapati yake imefungwa kwenye gazeti. "Mathe, niwekee moja," walisema, wakimwita mama kwa lugha ya mtaani, naye aliwachotea kwa upawa wa mti aliochongewa na Muthama mwaka waliooana, wenye mchoro wa meno ya msumeno kwenye mpini.

Lorraine Adhiambo, ambaye majirani walimwita Mama Owino, aliishi mkabala, mlango kwa mlango, na walitumia bomba moja. Mumewe, Oketch, alikuwa mtu wa reli mpaka siku jina lake lilipotokea kwenye orodha ya waliorudishwa nyumbani. Lorraine hakukaa kushika tama. Alikwenda mafunzo ya wiki mbili ya kutengeneza maziwa, akarudi na ndoo mbili za plastiki zenye vifuniko, kipimajoto, na vipaketi vya unga mweupe.

"Ni nini hiyo?" Kathini alimuuliza siku ile ya kwanza.

"Mbegu, Mama Wayua. Unachemsha maziwa, unayapoza, unatia unga huu. Kesho yake unachota kidogo kwenye ndoo, unachachishia mengine."

"Mbegu ya paketi, kama ya kabeji?" Kathini alicheka, na Lorraine akacheka pamoja naye.

Mwezi wa pili wa biashara hiyo kicheko kilikwisha. Maziwa ya Lorraine yalitoka leo kama yalivyotoka jana, mazito, meupe, laini, hayana mkaa. Vijana walihamia upande wa pili mmoja mmoja. Halafu akahama Shamis, muuza vitambaa wa Gikomba, mwanamke aliyekunywa kwa Kathini tangu mimba yake ya kwanza. Kathini alimwona ameketi kwenye benchi la Lorraine. Shamis aliinua kikombe kwa mbali akasema, "Naonja tu, Mama Wayua!" Kesho yake akaonja tena, na kesho kutwa.

Upo wivu wa mume, na kipo kijicho cha riziki. Kathini alikuwa navyo vyote viwili, vimechanganyika hata asijue kipi kinamkereketa saa ipi. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba Lorraine hakuwa mtu mbaya. Angekuwa na kiburi, au mdomo mchafu, Kathini angepata pa kushika. Lakini akipika omena, dagaa wa ziwani, alimletea kibakuli. Akimkuta bombani alimtekea maji. Na alimwita mama kwa heshima, ingawa walipishana miaka kumi tu.

Kisha Lorraine akaonekana na upawa mpya wa mti, na mpini wake una meno ya msumeno.

"Umemchongea upawa kama wangu," Kathini alimwambia mumewe.

"Amenunua, Mama Wayua. Ni biashara."

"Hata mchoro?"

"Mchoro ninaoujua ndio huo," Muthama alijibu, na alikuwa anasema kweli, lakini kweli hiyo haikumsaidia.

Alhamisi moja ya mwezi wa Mei mtoto wa Lorraine aliamka ana homa. Lorraine alimfunga mgongoni, akagonga kwa Kathini. "Mama Wayua, tunakwenda hospitali. Nakuachia ufunguo. Mvua ikija, nianulie nguo, tafadhali."

Mvua ilikuja adhuhuri, ya ghafla. Kathini alikuwa akimchotea fundi mmoja. Alimkabidhi kikombe chake, akakimbilia kambani na upawa bado uko mkononi, akakusanya mashati na nepi, akafungua mlango wa jirani yake na kuzitupa nguo kitandani. Alipogeuka kutoka, akaziona ndoo. Zilikuwa juu ya meza fupi, zimefunikwa kitambaa kilichofuliwa vizuri.

Alitaka kuangalia tu. Aliondoa kitambaa, akafungua kifuniko. Maziwa yalikuwa yametulia ndani, hayana ufa wala povu, kama sahani. Kathini akautumbukiza upawa, upawa wake mwenyewe, uliokuwa bado unadondoka maziwa ya kibuyuni. Akaonja. Yalikuwa matamu, tena matamu kweli, na utamu ule ukamchoma kooni. Akafunua na ndoo ya pili, eti alinganishe, akachota na humo. Mwisho akaujaza upawa hadi pomoni, akaufunika kwa leso, akatikisa ndoo ili shimo lijifukie, akafunga mlango na kuvuka ua akiwa ameinamisha kichwa kwenye mvua.

Kwake alichemsha maziwa kwenye sufuria, akayapoza, akatia yale ya wizi. Aliyafunika akaenda zake. Kesho yake alikuta maziwa yako vile vile alivyoyaacha, mepesi, yanacheza kwenye sufuria kama maji. "Mwanamke huyu kuna kitu hakusema," alijiambia, akayamwaga mtaroni.

Lorraine alirudi na mtoto aliyepata nafuu. "Asante kwa nguo, Mama Wayua. Mungu akubariki."

"Amina," Kathini alisema.

Jumamosi asubuhi Lorraine alifungua ndoo zake na maziwa hayakuwa yameganda. Alidhani amekosea kipimo. Akafungua paketi mpya. Maziwa yakaanza kuwa mazito, kisha yakaacha njiani, kama mtu aliyesahau anakwenda wapi. Alibadilisha sufuria. Akabadilisha maji. Aliziosha ndoo kwa sabuni mpaka zikalia. Wiki nzima yalikataa, na wiki ya pili ikaingia yamekataa, na Lorraine akawa anayatoa maziwa mepesi kwa majirani wapikie chai.

Wateja walirudi kwa Kathini. Siku tatu za kwanza zilikuwa sukari tupu. Alimwona Shamis anavuka ua kwa aibu, akamjazia kikombe hadi mdomoni na kumuuliza habari za watoto wote kwa majina. Alimtazama Muthama akinywa, akaona vidoadoa vyeusi kwenye masharubu, akaridhika. Akimwona Lorraine amekaa na ndoo zake mlangoni, alisema "pole, mama" kwa sauti ya huzuni, na ndani yake kitu kilikuwa kinapiga vigelegele.

Furaha hiyo haikudumu. Shamis ndiye aliyemletea maneno. "Mama Wayua, mimi sisemi, lakini watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Kwamba maziwa ya mwenzako hayakuharibika hivi hivi. Kwamba una jicho baya."

Kathini alitaka kucheka, akashindwa. Tangu siku hiyo alianza kuona. Mafundi walinunua, lakini alipowatazama walifunika kikombe kwa kiganja. Kanisani mwanamke mmoja aliyekuwa akimpa mtoto ampakate alihamia benchi la nyuma. Wengine wakaacha kuja kabisa. Na lililo baya zaidi, Kathini mwenyewe alianza kuamini. Mara ngapi alikuwa ameitazama ile milango miwili na kutamani mmoja ufungwe? Hakuwa amekwenda kwa mganga wala kufukia kitu, lakini pengine moyo wenyewe unatosha. Aliomba. Akimaliza kuomba alimkuta Lorraine bado yuko moyoni mwake pale pale, na bado anamwonea kijicho, hata sasa, hata ndoo zikiwa tupu, kwa vile watu walivyompenda na kumpa pole.

Lorraine hakuamini jicho. Alikwenda mtaa wa Komarock kumtafuta mwalimu wake wa mafunzo, Bwana Kiilu, mzee mwembamba aliyefanya kazi miaka mingi katika maabara ya kiwanda cha maziwa. Jumamosi mzee akaja na sanduku la chupa ndogo. Lorraine alisimama katikati ya ua akaita, "Mama Wayua, njoo na wewe usikie! Na nyinyi wengine njooni. Nimechoka na hadithi za macho."

Kathini alikuja. Wema ule ulimchoma kuliko matusi.

Kiilu alichukua maziwa yaliyoharibika ya Lorraine, akayakamua maji yake. Akaomba na ya Kathini, akayafanyia vivyo hivyo. Maji hayo akayapitisha kwenye chujio dogo la mviringo. "Matundu ya chujio hili bakteria hawapiti," alisema. "Kwa hiyo kilichopita hapa si bakteria." Akapanga chupa nne za maziwa yaliyochemshwa, kila moja akaitia unga mpya wa mbegu. Ya kwanza akaiacha hivyo. Ya pili akaidondoshea maji ya ndoo ya Lorraine. Ya tatu akaidondoshea maji yale yale, baada ya kuyachemsha kwanza. Ya nne, maji ya kibuyu cha Kathini. Akazifunga kwenye blanketi, akazitia sandukuni.

"Msifungue mpaka kesho baada ya kanisa."

Jumapili ua ulijaa. Hata Oketch, ambaye tangu afutwe kazi alikuwa haonekani sana, alitoka na kiti. Kiilu aliinamisha chupa moja moja ili wote waone. Ya kwanza ilikuwa imeganda. Ya pili ilichuruzika. Ya tatu imeganda. Ya nne ikachuruzika.

"Mbegu yako ni bakteria, Mama Owino," alisema. "Viumbe hai, wadogo mno. Wanakula sukari ya maziwa, wanatoa uchachu, maziwa yanaganda. Na wao pia wana maradhi yao. Wana kirusi chao, ambacho kinamganda bakteria mwilini, kinamtoboa na kumwingizia uzao wake. Haupiti muda bakteria anapasuka, wanatoka virusi vipya kwa makumi, na kila kimoja kinatafuta wake. Wataalamu wanakiita bakteriofaji, mla bakteria. Wewe mtu hakikudhuru hata ukinywa gilasi nzima. Yeye shida yake ni bakteria tu."

"Kwa hiyo si jicho?" Shamis aliuliza.

"Mama, jicho gani linakufa likichemshwa?" Kiilu aliinua ile chupa ya tatu, na watu wakacheka, na Kathini akahisi mabega yake yameshuka.

Shamis hakuwa amemaliza. "Lakini maji ya Mama Wayua nayo yameua mbegu. Mbona kibuyu chake kinaganda?"

"Umeuliza swali la kisomi." Mzee alikipokea kibuyu kutoka kwa Kathini akakishika kwa mikono miwili. "Unga wa paketi ni bakteria wa ukoo mmoja, wanafanana kama mapacha. Kirusi kikimweza mmoja kimewaweza wote. Humu ndani mna koo nyingi, na virusi vimo humo humo, vimeishi nao tangu enzi za bibi yake huyu mama. Vikiangusha ukoo mmoja, mwingine unashika kazi. Na katika walioangushwa hawakosi wachache wasiotoboka, hao wanazaa upya. Virusi navyo vinabadilika, vinawafuata. Hawamalizani. Ndiyo maana ladha yake inapanda na kushuka."

"Kweli," alisema Shamis. "Januari yalikuwa makali mpaka meno."

Kathini alijivuna, tena mbele ya watu. Mtu msomi alikuwa amekishika kibuyu cha mama yake kama kitu cha thamani, na Lorraine alikuwa anasikia. Lakini Kiilu aliendelea.

"Swali ni moja tu lililobaki. Mama Owino anachemsha maziwa, kwa hiyo kirusi kiliingia baada ya kuchemsha. Tone moja linatosha, kisha sabuni peke yake haikiondoi kwenye ndoo. Lilitoka wapi?"

Moyoni Kathini aliuona tena upawa wake, siku ile ya mvua, unadondokea ndooni. Akainamisha uso.

Lorraine aliwaza, akapiga paja. "Matheka! Anatuletea maziwa sote wawili, mimi na Mama Wayua. Na akitoka kwake anakuja kutua debe lake mezani kwangu, kando ya ndoo zangu kabisa."

"Inawezekana," alisema Kiilu.

Kathini alikuwa na nafasi ya kusema hapo. Alichukua kibuyu chake akaenda nyumbani.

Kuanzia Jumatatu hakuna aliyefunika kikombe tena. Matheka, mleta maziwa, alifika kwa baiskeli yake kutoka mashamba ya Barabara ya Kangundo, na Lorraine akamwambia asitue debe hapo, maziwa yake hayataki tena. Hakumtukana, lakini habari ilishatembea. Nyumba tatu zilimkataa, na hoteli ya chai nayo ikamkataa. Alifika kwa Kathini debe limejaa. Alikuwa mtu mzima, mwenye watoto wanne, na siku hiyo alisimama mlangoni kama mwanafunzi aliyefukuzwa.

"Mama, debe hili nalichemshia maji kila siku ya Mungu. Mke wangu ananicheka, eti nitalitoboa kwa kusugua. Sasa haya niyapeleke wapi?"

Kathini aliyanunua yote, hata yale ambayo hakuwa na mahali pa kuyatia. Haikumpunguzia kitu. Jumanne akanunua tena. Jumatano Matheka hakuja, wala Alhamisi.

Alimwambia Muthama kwanza, akiwa kazini kwake, katikati ya vumbi la mbao. Alimweleza mvua, ufunguo, upawa. Muthama aliweka patasi chini.

"Kwa nini?"

"Sijui. Ulisema yanakatika kwa kisu."

"Mimi?"

"Sikulaumu. Nakwambia lilipoanzia."

Muthama alipeperusha unga wa mbao kwenye goti. "Ukimwambia utakuwa mwizi."

"Na nikinyamaza, Matheka ndiye mchafu. Afadhali walivyokuwa wakiniita mchawi. Uchawi sikufanya, niliweza kulala."

Alimkuta Lorraine bombani, akisugua ndoo kwa dawa ya kung'arishia nguo kama Kiilu alivyomwelekeza. Kathini alisimama wima. Alikuwa ameyapanga maneno njiani, yakapotea yote.

"Si Matheka. Ni mimi. Siku ile ya mvua nilifungua ndoo zako, nikachota kwa upawa wangu. Nilitaka mbegu yako."

Lorraine aliendelea kusugua, mara tatu, mara nne, kisha mkono ukasimama.

"Ungeniomba ningekupa."

"Najua. Ndiyo maana sikuomba."

"Walipokuita mchawi nilikutetea. Kiilu nilimwita kwa ajili yako kama kwa ajili yangu."

"Najua, Mama Owino."

"Nilikupa ufunguo. Mtoto wangu anaungua mgongoni, na wewe uko ndani unaonja." Lorraine hakupaza sauti. Macho yake yalikuwa makavu, na Kathini alitamani angelia au ampige. "Toka kwanza. Nenda. Nitakuita."

Hakumwita siku hiyo. Alimwita Ijumaa, akasimama mlangoni bila kumkaribisha ndani. "Matheka nilimwaibisha mimi, na mimi nitakwenda kumwomba radhi. Lakini jina lake lilichafuliwa mbele ya watu. Kesho saa saba, wakija kula, utalisafisha mbele ya watu hao hao."

Kathini alitii. Jumamosi mabenchi yote mawili yalipojaa, alisimama katikati ya ua, akavua leso kichwani kama mtu aliye msibani, akasema lote. Hakupunguza neno, ila utamu wa maziwa hakuutaja. Shamis alikuwa na kikombe mdomoni, akakishusha bila kunywa. Kisha mchomeaji mmoja kijana akapasuka, "Ai, mathe! Kumbe virusi ni wewe!" na ua wote ukaangua kicheko. Kathini alisimama hapo mpaka kikaisha, kwa sababu hakujua mtu huondokaje mahali kama hapo.

Matheka alirudi Jumatatu. Alikuwa akitua kwa Lorraine kwanza, na kwa Kathini mwisho kabisa, ingawa nyumba ya Kathini ndiyo iliyokuwa karibu na barabara, na alimimina bila kumtazama. Ilichukua mpaka Agosti kabla hajamwambia tena habari za watoto wake.

Lorraine alizichemsha na kuzianika ndoo zake juani, akanunua mbegu za aina tatu tofauti akawa anazizungusha, wiki hii aina hii, wiki ijayo ile. Maziwa yakaganda. Wateja wakagawanyika, wengine kwake, wengine kwa Kathini, na wengine kama Shamis walikunywa huku na huku kwa kufuata kivuli. Salamu kati ya wanawake hao wawili zilibaki, lakini zilikuwa salamu za bombani, habari na nzuri, basi. Nguo za Lorraine zikinyeshewa, zilinyeshewa.

Siku moja Kathini alijikaza akamwambia, "Mama Owino, chukua mbegu ya kibuyu changu. Umesikia mzee alivyosema, hii haiishi."

Lorraine alifikiri kidogo. "Asante, Mama Wayua. Lakini wateja wangu hawapendi mkaa."

Neno lilimpata Kathini pale pale palipokuwa na kidonda. Alikwenda nalo hadi ndani, akalikasirikia mchana mzima, na jioni akajikuta analicheka peke yake akikoroga ugali. Muthama aliuliza kuna nini, akapewa sahani yake.

Mwaka uliofuata Oketch alipata kazi ya udereva, wakahamia Komarock. Walipakia vitu asubuhi. Kathini alisaidia kubeba magodoro, Lorraine akamshika mkono, akamwambia, "Haya, mama," na gari likaondoka. Chumba kile akapewa karani wa kanjo, kijana asiyekula nyumbani. Wateja wote wakawa wa Kathini. Alishangaa kwamba hilo halikumfurahisha kama alivyodhani, na alishangaa zaidi kwamba lilimfurahisha kiasi fulani.

Ilikuwa mwezi wa Julai Shamis alipokuja na habari. Alikuwa amepeleka vitambaa kwa mteja huko Komarock. "Mama Owino ana duka sasa! Lina jokofu kubwa lenye mlango wa kioo. Anapelekea shule mbili. Na ameajiri wasichana wawili, wamevaa aproni nyeupe."

Kathini alikuwa akichota. Kile kijicho kilimpanda, kile kile, kama hakikuwahi kuondoka. Jokofu la kioo. Aproni. Alingoja kishuke, kikashuka nusu. Akamaliza kujaza kikombe, akakifuta pembeni, akampa Shamis.

"Na mtoto?" aliuliza. "Bado anapata zile homa?"

"Amekuwa mkubwa, usimwone. Anakimbia hovyo dukani, mama yake hana raha."

"Aangalie mlango wa hilo jokofu usimbane mtoto vidole," alisema Kathini. "Ukirudi huko mwambie. Mwambie nimemsalimu, na mwambie hivyo."